Kinyaa Kumi, Mkasi

Kalekye alikaa ndani ya kibanda cha mbao nyembamba, goti moja likigusa ukuta na jingine likigusa mlango, saa ya kuhesabia sekunde ikining'inia shingoni. Mbele yake kulikuwa na karatasi yenye mistari, penseli mbili, na pazia zito la kijani ambalo hakuruhusiwa kulisogeza hata kwa ncha ya kidole. Upande wa pili wa pazia watu thelathini na wanne walikuwa wakivuta viti, wakikohoa, wakiulizana kama soda zingegawiwa mwanzo au mwisho.

"Mwisho!" sauti ya Ken, mkata picha, iliwajibu. "Mkipewa mwanzo mtahepa."

Wakacheka. Kalekye akaandika C. Kisha akakumbuka kwamba picha yenyewe haijaanza, akaikata kwa mstari.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila Jumamosi alasiri, ghorofa ya pili pale Ngara, juu ya duka la jumla la mzee Kanubhai lililouza mabeseni na ndoo za plastiki. Mwajiri wake, Jasleen, alikuwa binti wa Parklands, mtaa wa wenye nafasi, aliyelikataa duka la vipuri la babake akaenda kufungua kampuni ya kutengeneza michezo ya televisheni. Mwanzoni Jasleen aliwapa watazamaji wake wa majaribio fomu wajaze. Fomu zote zilirudi zimeandikwa "Mchezo ni mzuri sana, Mungu awabariki." Mchezo ulipofika hewani, watu wakahamia stesheni nyingine kabla hata tangazo la kwanza halijaisha.

"Mkenya hawezi kukutusi akiwa na soda yako mkononi," Jasleen alisema, akazitupa fomu zote kwenye pipa. "Lazima tumsikie vile anaguna."

Ndipo kikajengwa kibanda. Mtu akijua anatazamwa huvaa uso wa kanisani, lakini akidhani yuko peke yake na wenzake hutoa sauti yake ya jikoni. Kazi ya Kalekye ilikuwa kuzinasa sauti hizo kwa herufi, kila herufi na dakika yake. C kwa kicheko. K kwa kimya. F kwa waliofyonya, ule mvuto wa mdomo wa dharau ambao mama wa Nairobi huwatupia kondakta, askari wa jiji na bei ya sukari. N kwa kinyaa: mtu akisema "Yak!" au "Ptu!" au "Uchafu gani huu?" F na N zilijumlishwa pamoja, kwani Jasleen aliziona kuwa ni mtu na shangaziye. Tena kulikuwa na kanuni moja ambayo haikuwahi kuvunjwa.

"Kinyaa kumi, mkasi."

Kipande cha mchezo kilichofikisha kumi kilikatwa siku hiyo hiyo. Mganga aliyetafuna mende alikwenda hivyo. Mzee aliyejikuna mguu wenye kidonda akala chapati bila kunawa, naye akaenda. Kalekye hakukililia hata kimoja. Vingine alifurahi kuviona vikizikwa. Lakini leo kipande cha dakika ya kumi na nne kilikuwa chake mwenyewe.

Kilianza kama insha. Siku tatu kwa wiki, akitoka kazini, Kalekye alipitia kwa jirani kumtazama mwanawe Mwololo, akambusu utosini, kisha akaenda darasa la jioni nyuma ya kanisa moja la mabati huko kwao Kangemi. Mwalimu wao alikuwa Odero, mzee mkondefu aliyevaa tai hata siku za matope. Siku moja aliwapa kichwa cha insha: Jambo Nililolifanya Bila Kufikiri. Wenzake waliandika kuhusu kukimbiza wezi na kurukia mitaro. Kalekye aliandika kuhusu baridi ya Julai, Mwololo akiwa na miezi mitano, pua imeziba kabisa. Mtoto alikuwa akivuta titi mara mbili, anakosa pumzi, analiachilia na kulia bila sauti, midomo ikianza kubadilika rangi. Mama akaiweka midomo yake juu ya pua ile ndogo, akavuta. Akatema kwenye majivu ya jiko. Akavuta tena. Insha iliishia hivi: "Nilimsikia akimeza. Sikusukutua mdomo mpaka aliposhiba, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini."

Odero aliirudisha na wino mwekundu chini yake: "Nimeona kinyaa. Halafu nikamkumbuka mama. 18 kwa 20."

Zile alama mbili zilipotea kwa neno moja tu. Kalekye alikuwa ameandika "nilimfyonya pua." Odero alisimama mbele ya darasa zima, tai ikiwa imepinda, akasema, "Kufyonya ni dharau. Kufyonza ni haja. Y na Z ni majirani kwenye alfabeti, lakini ukimfyonya mwanao badala ya kumfyonza, atakua akijua humtaki." Darasa likacheka, na Kalekye naye akacheka, lakini neno hilo alilishika.

Odero ndiye aliyekuwa akisahihisha Kiswahili cha michezo ya Jasleen, na ndiye aliyemtolea Jasleen insha ile mfukoni. Jasleen aliisoma akiwa amesimama. Alikunja uso, akaisoma tena.

"Nimeichukua," alimwambia Kalekye. "Watazamaji wakiipitisha, nakuandika kazi. Mwandishi, sio kibanda. Jina yako itapita kwa televisheni. Wakiikataa, utabaki kwa kibanda, na usinililie. Najua nikikuacha uhesabu kipande yako mwenyewe ni kama kumpa fisi bucha. Lakini sina mtu mwingine na masikio kama yako."

"Nitahesabu sawasawa, madam."

"Najua. Ndio maana nakwambia mbele."

Ndiyo hali iliyomfanya Kalekye, Jumamosi hiyo, aishike penseli yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Taa zilizimwa. Mchezo ukaanza. Kwa kuwa televisheni ilikuwa imeelekezwa kwa watazamaji, yeye alisikia tu. Dakika ya pili akaingia mchungaji mwenye nywele za bandia.

"Hiyo kofia ni ya manyoya ya nani?" sauti ya kijana iliuliza.

"Ya paka wa jirani," mwingine akajibu. C, C, C.

Dakika ya sita mama tajiri alimfokea mtumishi wake. Mtu akafyonya mfyonyo mrefu, mtamu, wa kutoka kwenye mizizi ya meno. F moja. Dakika ya tisa wapenzi wawili wakakutana kwenye gari, na ukumbi ukajaa miluzi.

"Woi! Wanatafutana meno!"

"Mwache amalize, amelipia!"

C zikamiminika mpaka Kalekye akaishiwa na mstari. Hakuna hata mmoja aliyesema yak. Watu wazima wawili walikuwa wakilambana mate kwa sauti ya mbwa anayekunywa maji, na ukumbi mzima ulikuwa unafurahia. Aliliona hilo, akaendelea kuandika.

Dakika ya kumi na tatu kulisikika kilio cha mtoto. Kalekye alikitambua mara moja ingawa kilikuwa cha mtoto wa mtu mwingine: kile kilio kinachokatikakatika kwa kukosa njia. Ukumbi ukanyamaza. K. Alijua Ken ametengeneza kamasi kwa ute wa yai uliochanganywa na chai ya rangi, maana ni yeye aliyetumwa kuyanunua mayai. Alijua pia kwamba mwigizaji alikuja na kucha ndefu nyekundu, akabembelezwa nusu saa kabla ya kukubali kuugusa ule ute.

Dakika ya kumi na nne, sekunde ya nane. Kutoka nyuma ya ukumbi ikaja sauti: *fyuu*. Si moja. Ilikuwa kama upepo unaopita chini ya milango kadhaa kwa mara moja. *Fyuu.*

Moyo wa Kalekye ukashuka mpaka kwenye soli za viatu. Wanamfyonya. Akahesabu kwa sikio kama alivyofunzwa: tatu kulia, tatu katikati, moja kushoto. F saba.

Kabla haijatulia vizuri, sekunde ya thelathini na moja, ukumbi ukalipuka.

"Yaaak!"

"Aki nitatapika. Aki ya Mungu."

"Ptu! Uchafu gani huu?"

"Toa hiyo kitu!"

"Na mandazi mtatupa tukule saa ngapi, baada ya hii?"

"Hizo ni tabia za huko Kangemi," sauti ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa ilisema. "Watu hawana hata tishu."

N sita. Kalekye aliziandika moja baada ya nyingine, kila moja na sekunde yake. Alipomaliza, alijikuta anajifuta midomo kwa mgongo wa mkono, anajifuta tena na tena, kama kwamba ute ule wa yai ulikuwa umepenya pazia ukamfikia. Tabia za huko Kangemi. Alimwona Mwololo machoni mwake, mashavu yake yaliyonona, na kwa mara ya kwanza tangu amzae aliionea haya pua ya mwanawe. Kisha akajionea kinyaa kwa kuionea haya.

Saba na sita ni kumi na tatu.

Penseli ya pili ilikuwa na kifutio kipya, cha pinki, kisichowahi kugusa karatasi. F saba zingeweza kuwa tatu. Nani angejua? Pazia lilikuwa zito na ndani ya kibanda alikuwa peke yake na kanuni. Alikishika kifutio, akakizungusha. Lakini Kalekye alijifunza kuandika sentensi iliyosimama akiwa na miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, na mtu aliyeyapata maandishi kwa shida hana mkono mwepesi wa kuyafuta. Aliirudisha penseli mahali pake.

Taa zilipowaka na watu wakaanza kushuka ngazi wakiyapigania mandazi, Kalekye alitoka kibandani na kumpa Jasleen karatasi bila kumtazama. Jasleen alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika chini.

"Kumi na tatu."

"Ndiyo, madam."

Ken, aliyekuwa akizungusha nyaya za televisheni, alitikisa kichwa. "Siste, si nilikushow? Watu hukula wakiangalia TV. Huwezi wawekea kamasi kwa sahani."

"Nyamaza kidogo, Ken." Jasleen aliketi. Uso wake haukuwa wa ushindi. "Kalekye, nikuambie ukweli. Mimi niliisoma hiyo insha yako na nikaona ni kitu kubwa. Lakini jana nikiangalia picha yenyewe, tumbo yangu iligeuka. Sikukunywa hata chai. Nilidhani ni mimi tu, mtoto wa Parklands, nimelelewa na pampu ya mpira ya kutoa kamasi. Sasa naona ni kila mtu."

"Tuweke hiyo pampu basi," Ken alisema. "Ile ndogo ya duka la dawa. Mama anabonyeza, anacheka, tumemaliza."

Kalekye alimwazia mama huyo anayebonyeza na kucheka kwenye sofa. Jasleen hakumwangalia.

"Nenda ukusanye chupa za soda huko ngazi," alimwambia kwa upole. "Watu wa Kanubhai wasianze kelele."

Ngazi zilikuwa na giza na harufu ya plastiki mpya iliyopanda kutoka dukani. Wanawake wanne au watano walikuwa bado wamekaa kwenye vidato wakimalizia soda zao. Kati yao alikuwa Munyiva, muuza ndizi wa sokoni pale Ngara, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, mjukuu wake akiwa amelala mgongoni ndani ya leso. Kalekye alimfahamu kwa sura. Mara mbili tatu walikuwa wamesalimiana kwa Kikamba juu ya mkungu wa ndizi. Aliinama kuokota chupa, na jambo alilokuwa ameapa kulinyamazia likamtoka.

"Mwaitu, mama, naomba kuuliza. Pale mama alipomvuta mtoto pua, mlifyonya kwa nini? Ni vibaya hivyo?"

Munyiva aliitoa chupa mdomoni. "Nani amefyonya?"

"Nyinyi. Mstari wa nyuma. Nimewasikia."

"Mimi? Nimfyonye mama anayemwokoa mtoto? Wewe binti, mimi nilikuwa namvutia!"

"Unamvutia?"

"Si uliona vile alikuwa anavuta? Kidogo kidogo, kama mtu anaonja chai ya moto anaogopa kuchomeka. Kamasi haivutwi hivyo, hiyo inarudi ndani! Mtoto anakufa huku yeye analinda rangi ya mdomo. Nikasema, lete hapa. Nikafanya hivi." Akachongoa midomo, macho akayafumba nusu, na akavuta hewa kwa nguvu: *fyuu*. Mtoto aliyekuwa mgongoni akashtuka usingizini.

"Hata mimi," mwenzake alisema, akicheka kwa haya. "Sikujua hata natoa sauti."

"Ni kama ukilisha mtoto uji," wa tatu akaongeza. "Mdomo wako ndio unafunguka kwanza."

Kalekye alisimama na chupa nne kifuani. Herufi ile moja ilikuwa imemkalia mbele ya macho, na sauti ya Odero ikamjia na tai yake iliyopinda. Y na Z ni majirani.

"Na ile yak? Nani alisema yak?"

"Ile ni mimi! Na nitaisema tena!" Munyiva aliinua sauti mpaka ngazi zikaitikia. "Amemaliza kuvuta, akatoa kitambaa cheupe, akatemea ndani. Sawa. Akakifungua akakiangalia. Haya, tuseme anatafuta pesa. Halafu, mwaitu, akamgeukia mtoto, akampangusa mdomo kwa hicho hicho!"

"Kwa hicho hicho?"

"Hicho hicho! Upande ule ule!"

"Aka!" Kalekye alisema. "Mimi niliandika majivu. Niliandika atemee kwenye majivu ya jiko."

"Wewe ndiye uliandika?" Munyiva alimtazama upya, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni. "Basi panda huko juu uwaambie. Na uniletee soda ingine, hii ilikuwa nusu."

"Twende wote, mwaitu. Tafadhali."

Juu, Ken alikuwa tayari ameketi mbele ya mashine ya kukatia picha, mkono ukiwa juu ya kitufe. Kalekye aliziweka chupa chini kwa kelele zaidi kuliko alivyokusudia.

"Madam, usikate. Zile F si za kufyonya. Ni za kufyonza."

Jasleen alifumba macho. "Si ni kitu moja?"

"Hapana. Kufyonya ni dharau, kufyonza ni kunyonya kitu kitoke. Walikuwa wanamsaidia."

"Kalekye." Jasleen alisema taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu mkononi. "Hii insha ni yako. Kazi ni yako. Sasa unakuja kuniambia F zimegeuka zikawa kitu kizuri. Wewe ungekuwa mimi, ungesikia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa la haki.

"Usinisikie mimi, madam. Soma saa." Aliichukua karatasi, akaiweka mbele ya Jasleen, akaweka kidole. "F zote saba ziko sekunde ya nane. Zote. Sekunde moja. Watu hawafyonyi pamoja kama kwaya. Mmoja huanza, mwingine akamfuata, wa tatu akaongezea maneno. Si uliniambia mwenyewe niandike kila moja na wakati wake? Sasa angalia N. Ziko sekunde ya thelathini na moja. Muulize Ken kuna nini sekunde ya thelathini na moja."

Ken alisita, akarudisha picha nyuma. Namba zikakimbia pembeni mwa kioo, zikasimama. Hapo kulikuwa na kucha nyekundu, kitambaa cheupe kilicholowa ute wa kahawia, na mdomo wa mtoto.

"Ngai!" Kalekye alikuwa akikiona kwa mara ya kwanza. Aligeuza uso. "Ken, nani alikuambia?"

"Hatukuwa na jiko kwa seti," Ken alisema kwa sauti ndogo. "Ni sebule ya sofa. Angetemea wapi? Kwa zulia?"

"Angetemea hata kwa zulia," Munyiva alisema kutoka mlangoni. "Zulia haina mdomo."

Jasleen aliilinganisha karatasi na namba za kwenye kioo. Kisha akasimama, akavuta kiti kimoja mpaka mbele ya televisheni, akamwonyesha Munyiva. "Mama, kaa hapa. Ken, rudisha kumi na tatu. Mimi nasimama hapa mbele, naangalia uso, siangalii picha."

Wakati huo huo mzee Kanubhai alitokea mlangoni, akihema kwa ngazi, miwani imeshuka puani. "Jasleen beti, binti yangu, hiyo viti yenu inakwaruza juu ya kichwa yangu tangu saa nane. Mteja anafikiri nyumba inaanguka."

"Dakika moja, uncle. Simama hapo tu."

Picha ikaanza. Kile kilio kinachokatikakatika kikajaza chumba. Munyiva alisahau soda, akasahau alikuwa anachunguzwa. Kalekye aliona mabega yake yakipanda. Sekunde ya saba. Sekunde ya nane. Midomo ya Munyiva ikachongoka, mashavu yakaingia ndani: *fyuu*.

Na kutoka mlangoni, kwa sauti kavu ya mzee, *fyuu* ya pili.

Wote wakageuka. Kanubhai aliipandisha miwani.

"Nini? Mimi napumua tu."

"Mzee amevuta!" Munyiva akapiga makofi. "Hata mzee wa mabeseni amevuta!"

"Watoto wanne," Kanubhai alisema, akijikakamua, "na mke yangu alikuwa mgonjwa. Nani alikuwa avute? Serikali?" Kisha sekunde ya thelathini na moja ikafika, kitambaa kikafunguliwa, na mzee akarudi nyuma hatua nzima. "Chhi! Chhi, chhi! Funga hiyo uchafu! Jasleen, baba yako anajua unatengeneza hii?"

Ken akaifunga. Jasleen aliondoa macho usoni mwa Munyiva.

"Kitambaa kinatoka," alisema hatimaye. "Tutapiga upya. Jiko, majivu, na huyo mwigizaji akate kucha ama nitafute mwingine. Mama, utakuja umfundishe kuvuta?"

"Na soda?"

"Na soda."

Kalekye aliichukua penseli, ile isiyo na kifutio. Chini ya karatasi, palipoandikwa kwa mkono wake *F: wamefyonya*, hakufuta kitu. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya Y ya pili ili kila mtu aweze kuiona bado, akaandika Z juu yake, na pembeni akatia sahihi.

"Sasa kinyaa ni sita," alisema.

"Saba," Jasleen alisema. "Niandike na mimi. Kusema kweli, hata bila kitambaa, mimi bado tumbo inageuka. Nitaipeleka hewani, lakini nitakuwa nimeangalia kando."

Kalekye alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaandika: N, Jasleen. Ilimkaa kifuani kama punje ya mchanga kwenye wali, lakini aliiandika, kwa sababu ndivyo ilivyosikika.

"Saba sio kumi," Jasleen alisema, akichukua mkoba wake. "Jumatatu usiende kwa kibanda. Kuja na karatasi. Nataka kipande ingine, kurasa mbili, na jina yako juu. Lakini tafadhali, isiwe ya kamasi."

"Si ya kamasi, madam."

"Asante Mungu. Ni ya nini?"

Kalekye alifikiria Kangemi, asubuhi yake yote, na foleni ya majirani wenye makopo ya maji mikononi, kila mmoja akisalimia mwenzake kwa heshima huku amebana pumzi.

"Ni ya choo cha ploti yetu," alisema. "Tunakitumia vyumba kumi na sita."

Ken, aliyekuwa amebakiwa na andazi moja la mwisho, alilitazama, akalirudisha kwenye sahani, akaisukuma sahani mbali.

"N," alisema.

"Subiri kwanza niandike," Kalekye akamjibu, akicheka, na alikuwa tayari anautafuta upande wa nyuma wa karatasi, ulio mweupe.